Mahali pa Kutundika Pua

Watu wengi wakishanunua kitambuzi cha gesi huniuliza swali moja tu: "Sasa tuitundike wapi, Madam?" Huuliza kana kwamba ni saa ya ukutani, popote penye msumari panatosha. Zamani swali hilo lilinipandisha hasira. Siku hizi nalipenda, kwa sababu katika kazi yangu ndilo swali lenyewe, na mara nyingi hata mimi sina jibu mpaka nimezunguka chumba nusu siku nikikikagua kama mtu anayetaka kukipanga.

Kitambuzi chenyewe ni kisanduku kinachotosha kiganjani, chenye tundu la kuingizia hewa na taa ya kijani inayogeuka nyekundu. Kazi yake ni kunusa hewa hatari na kupiga kelele kabla mtu hajaanguka. Lakini kila gesi ina tabia zake. Gesi ya kupikia ni nzito, huteremka na kutambaa sakafuni, kwa hiyo kitambuzi chake hukaa chini. Amonia, ile inayozungushwa kwenye mabomba ya viwanda vya maziwa ili kuleta baridi, ni nyepesi, hupanda darini. Ila ikitoka kwa nguvu ikiwa bado baridi, hulala chini kama ukungu na kumngoja mtu hapo. Na mlango mmoja ulioachwa wazi unaweza kuvuruga hesabu hizo zote. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua hewa inakwenda wapi, na nina bahati kwamba kuna kazi inayouhitaji.

Ugonjwa huo niliupata dukani kwa mama, mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Upande mmoja kulikuwa na pipa la mafuta ya taa, upande wa pili rafu ya mikate. Kila asubuhi mama alinituma kunusa mikate, maana mingine ilishika harufu ya mafuta na wateja walikuwa wakiirudisha kwa maneno makali. Nikagundua kwamba mikate ya rafu ya juu haikuharibika hata siku moja. Ya chini karibu na mlango ndiyo iliyonuka. Nilitaka kujua kwa nini. Nilimweleza mama kwamba pengine harufu ina miguu na haiwezi kupanda. "Nusa," alinijibu, "usihubiri."

Kwa hiyo nilipoitwa kwenye kiwanda kimoja cha maziwa nje ya mji, ukielekea Turbo, nilienda na furaha ya mtoto. Kiwanda hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na chumba cha mitambo chenye kompresa mbili za kusukuma amonia, chumba cha baridi, na ukumbi wa kutia maziwa kwenye paketi. Meneja alikuwa amenunua vitambuzi vitatu. Vitatu ni vichache, nikamwambia hivyo, naye akaniambia kwa sasa ni hivyo hivyo, nichague vizuri.

Nilipofungua boksi wafanyakazi walikusanyika kutazama. Mama mmoja aliyekuwa akiosha kreti za maziwa akaniuliza hivyo visanduku ni vya nini. Nikamweleza kwamba vinanusa amonia. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kunusa? Madam, si tuko na Mzee!"

Mzee alikuwa mtunza mitambo, mtu mrefu mwenye kofia ya sufi, aliyekuwepo pale tangu kompresa ya kwanza ilipofungwa. Kila asubuhi kabla ya zamu kuanza, hakuna mtu aliyekanyaga chumba cha mitambo mpaka Mzee aingie kwanza. Alisimama katikati, mikono nyuma, uso juu, akavuta hewa kwa pua mpaka walio nje wakasikia. Halafu akasema, "Iko sawa. Ingieni." Ndipo watu wakaingia. Hata meneja alisubiri mlangoni kama wengine. Niliuona utaratibu huo asubuhi ile ile na nikaupenda kupita kiasi. Hakuna kitabu nilichosoma kilichokuwa na kitu cha namna hiyo.

Vitambuzi vyangu vikapewa jina hapo hapo. Vikaitwa pua.

Meneja akaharibu raha hiyo kwa sentensi moja. Tukiwa tumesimama mlangoni, naye Mzee akiwa hatua chache tu kutoka kwetu akifuta mafuta kwenye bomba, alisema, "Hizi zikianza kazi, Mzee tutampumzisha. Si hapa alikuwa tu kama pua?" Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayezungumzia kiti kilichochakaa. Ilinikera sana. Nilitamani kurudisha vile visanduku kwenye boksi na kwenda zangu.

Mzee hakugeuka. Alimaliza kufuta bomba lake, kisha akaniuliza, "Madam, hiyo kitu yako ikishikwa na homa, inanusa?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini nilielewa kwamba mahali nitakapotundika vile vitambuzi ndipo kazi ya mzee huyu itakapoishia.

Kabla ya kutoboa ukuta wowote, mimi huwasha moshi kidogo na kuufuata. Moshi hauna adabu ya kufuata ramani ya mjenzi. Unakwenda kule hewa inakokwenda. Bila shaka mimi hufanya hivyo baada ya kupima na kuhakikisha chumba ni salama kwa moto, na nilipopima katikati ya chumba kile kipimo kilikaa kwenye sifuri. Kwa kawaida hutumia vijiti vya udi. Siku hiyo vyangu vililowa mvua kwenye mkoba, vikakataa kabisa. Yule mama wa kreti alinihurumia. Nyumbani kwake walikuwa wametoka kutengeneza kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, na kwenye kikapu chake alikuwa na kijiti kilichobaki, cha ule mti wanaouchoma na kusugulia kibuyu kwa ndani ili maziwa yapate ladha. Akaniambia nijaribu hicho.

Kikawaka vizuri. Moshi wake ulitoka taratibu, na harufu ikajaa chumba. Kila mtu alibadilika sura. Mmoja akasema amekumbuka jikoni kwa nyanya yake, mwingine akasema sasa ameona njaa. Mzee alikuwa ametupa mgongo, akikaza boliti, na moshi ukimpita shingoni.

"Umewasha ama bado?" akaniuliza.

Nilidhani ananitania tena. Nikamjibu, "Bado, Mzee, nakungoja wewe," na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aligeuka, akauona moshi, na akarudi kwenye boliti yake.

Moshi ndio ulioniteka. Nilitarajia upande darini, kwenye matundu ya kutolea hewa, ambako mchoro wa jengo ulionyesha feni. Haukupanda. Ulitanda kidogo juu ya kompresa, ukasitasita, kisha ukateremka ukutani upande wa nyuma na kupotea nyuma ya gunia lililoning'inia. Nikaufuata. Nikainua gunia. Nyuma yake kulikuwa na tundu la kutosha kupitisha sufuria. Matofali yalikuwa yametolewa kwa ustadi mkubwa, kingo zimepigwa plasta.

Niliwatazama wafanyakazi. Wote wakawa wanatazama dari. Nami nikatazama dari, ndipo nilipoona kwamba matundu ya hewa ya huko juu yamezibwa kwa magunia na feni imefungwa kamba.

"Ni mimi nilitoa hizo matofali," alisema Mzee. "Watu walikuwa wanakufa na baridi."

Asiyeijua Julai ya Eldoret atamhukumu haraka. Mtu anayeosha kreti kwa maji ya bomba alfajiri, halafu anaingia chumba cha baridi na kutoka, vidole vyake havimtii. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na chumba cha chai. Kompresa hutoa joto mchana kutwa, na joto hilo lilikuwa likipotea angani. Mzee alifikiri jinsi mtu mwerevu yeyote angefikiri: akaziba juu, akafungua upande, na joto likawafuata watu wake. Nilitaka kukasirika. Badala yake nilijikuta nikipapasa kingo za lile tundu na kustaajabu jinsi lilivyofanya kazi vizuri.

Wakanikaribisha chai. Chumba kilikuwa na vuguvugu tamu; gambuti zimepangwa kando ya ukuta, soksi zimeanikwa kwenye waya. Benchi lilizunguka kuta, na mahali pazuri kuliko pote, hatua moja kutoka kwenye tundu, palikuwa na kiti chenye mto. Kilikuwa cha Mzee. Mgeni hupewa kiti kizuri, kwa hiyo akainuka akanikalisha pale. Nilikataa mara moja kwa heshima, nikakubali.

Nilipokuwa napuliza chai, macho yalianza kuniwasha. Halafu koo. Nilivuta hewa polepole. Ilikuwepo, kidogo lakini bila shaka yoyote: ule ukali wa amonia unaopanda mpaka kati ya nyusi. Uvujaji haukuwa katikati ya chumba nilipopima. Ulikuwa kwenye kompresa iliyo karibu na ukuta huu, na tundu lilikuwa likiuvuta moja kwa moja hadi kwenye kiti hiki.

"Mzee," nikasema, "husikii harufu?"

Akaweka kikombe chini. Akainua uso, akavuta hewa kwa nguvu kama alivyofanya asubuhi. Chumba kizima kikamgeukia.

"Iko sawa," akasema.

Ndipo yule mama wa kreti akanigeukia. "Kwani hata wewe macho yanakuwasha? Mimi hapa macho yananiwasha kila siku. Lakini Mzee akisema iko sawa, najiambia ni homa tu." Mwingine akasema yeye alidhani ni sabuni. Wa tatu alikuwa amemweleza mkewe kwamba ana mzio wa vumbi. Mmoja baada ya mwingine, watu wazima wenye pua zao nzima, walikuwa wameacha kuziamini kwa sababu mtu wanayemheshimu alisema hakuna kitu.

Nikatoa kipimo changu cha mkononi. Kikapiga kelele kabla sijakifikisha kwenye tundu.

Nilipaza sauti kila mtu atoke, na wakatoka wakiwa na vikombe mkononi. Mzee hakungoja kuelezwa la kufanya. Alivaa barakoa ya gesi iliyokuwa ukutani, akaingia, akazima kompresa ile na kufunga vali zake. Mikono yake ilizijua njia zote. Baadaye fundi alikuta kizibo cha shafti, ule mhimili unaozunguka, kimechoka, kikivuja kidogo kidogo. Si uvujaji wa kuua siku hiyo, lakini ulikuwa njiani.

Nilimkuta amekaa kando, karibu na pale malori ya maziwa yanaposhushia mizigo. Nikakaa kando yake. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile moshi ya kijiti. Kweli ilikuwa na harufu?"

"Kubwa sana, Mzee. Watu walitamani mursik."

Alitikisa kichwa. "Sijui ilianza lini. Chai nakunywa joto yake tu. Mke wangu aliunguza maharagwe nikiwa nimekaa hapo jikoni, akafikiri nimekasirika naye ndio nikanyamaza." Alifuta mafuta viganjani. "Sikuwa nadanganya watu, Madam. Nikinusa, nilikuwa nasikia hakuna kitu. Na hakuna kitu ndio nilikuwa nasema."

 Nilimweleza jambo lililokuwa likinisumbua mimi mwenyewe tangu nianze kazi hii. Vitambuzi hivi navyo huchoka. Ndani yake mna kiini kidogo chenye dawa, na kila kinapokutana na amonia kinaliwa kidogo, hasa kikikaa kwenye hewa yenye gesi kidogo kila siku. Siku kikifa hakipigi kelele. Taa inaweza kubaki kijani. Kinaonyesha sifuri, na sifuri ya kitambuzi kilichokufa ni ile ile ya hewa safi. Ndiyo maana kila baada ya muda lazima mtu aje na chupa ya gesi ya majaribio, akipulizie kidogo, aone kama kitalia.

Alisikiliza kwa makini sana. "Basi hata hizo zinastaafu," akasema.

"Zinastaafu, Mzee."

"Na mimi hakuna mtu aliwahi kunipulizia."

Aliinuka, akavua kofia, akaenda walipokuwa wamesimama wenzake. Nilitaka kumzuia, nilijua meneja alikuwa njiani kutoka ofisini na kwamba maneno hayo yangetosha kumfukuzisha. Lakini alikwisha kuanza. Aliwaambia kwamba pua yake imekufa, hajui tangu lini, na kwamba mtu akisikia macho yanamwasha, aamini macho yake. Alisema kwa sauti ile ile ya "Ingieni." Hakuna aliyecheka. Yule mama wa kreti alijifuta uso kwa kona ya aproni.

"Sasa Mzee," akauliza, "asubuhi tutaingiaje?"

Meneja alimwachisha kazi wiki ile ile. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka, naye akanijibu kwamba niliitwa kutundika vitambuzi. Basi nikavitundika. Tundu lilizibwa kwa saruji, feni ikafunguliwa kamba. Kimoja nilikiweka juu ya kompresa, karibu na dari, mbali kidogo na upepo wa feni. Cha pili nilikiweka chini, karibu na tangi la amonia, mahali ambapo maji ya kuoshea sakafu hayafiki. Cha tatu kilinisumbua. Kitabu kingetaka kiende chumba cha baridi. Niliketi kwenye kile kiti chenye mto, nikapima mahali pua ya mtu aliyeketi inapofika, na nikatoboa ukuta hapo. Meneja aliniuliza kwa nini nalinda ukuta uliokwisha kuzibwa. Nikamwambia Julai itarudi.

Niliporudi miezi kadhaa baadaye kuvijaribu, nilimkuta Mzee mlangoni na kofia yake ya sufi, ameshika ngazi.

Yule mama ndiye aliyenisimulia. Asubuhi ya kwanza bila Mzee, taa zote tatu zilikuwa kijani, na watu wote walikuwa wamesimama nje. Meneja akawaambia kijani maana yake ni salama. Wakamsikiliza, wakaendelea kusimama. Akaingia mwenyewe, akanusa, akatangaza iko sawa. Hakuna aliyesogea. Malori yalifika kutoka Plateau na maziwa yakakaa juani huku watu wakitazamana. Siku zilizofuata walikuwa wakiingia, lakini kwa kuvutana, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele. Mwishowe meneja alimtuma dereva kwa Mzee. Siku hizi kazi yake ni kuvijaribu vile vitambuzi. Mimi ndiye niliyemwonyesha asubuhi hiyo jinsi ya kushika chupa na kifuniko cha plastiki kinachovikwa juu ya kitambuzi, na baada ya kumwonyesha mara moja hakuhitaji tena.

Alianza kazi. Akapulizia kile cha chini kwanza, kikalia. Akapulizia cha chumba cha chai, kikalia. Akapanda ngazi hadi cha juu ya kompresa; hicho kilikaa kimya. Taa yake ilikuwa kijani safi, na kioo kikionyesha sifuri. Akakipulizia tena, akangoja. Kisha akakifungua, akakishusha na kukiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu.

"Pole," akakiambia.

Tukabadilisha kiini, tukakijaribu upya, kikalia mpaka nikaziba masikio. Mzee akarudisha ngazi mahali pake, akafuta mikono na kwenda mlangoni. Zamu nzima ilikuwa inangoja nje, mikono makwapani kwa baridi.

"Mbili ziko sawa," akawaambia. "Moja ilikuwa imekufa, tumebadilisha."

Hawakusogea. Yule mama wa kreti akatoka mbele na kikombe cha chai ya tangawizi, mvuke ukifuka, akamsogezea Mzee chini ya pua kama mtu aliyezoea kufanya hivyo kila asubuhi.

"Na wewe, Mzee?"

Alifumba macho, akainua uso, akavuta hewa kwa nguvu mpaka pale nilipokuwa nimesimama nikasikia. Akangoja kidogo, labda pua itaamka.

"Mimi bado sifuri," akasema.

"Haya," akasema mama, akampa kikombe anywe. Na wote wakaingia.